Malkia wa Udongo: Namna ya Kumchora na Kumfasiri

Miongoni mwa karata 78 za taroti, zinazomtatiza msomaji kuliko zote si karata ya Mauti wala ya Mnara, ambazo taswira zake hujieleza zenyewe, bali ni zile 16 za watu wa kasri, yaani wafalme, malkia, wapanda-farasi na vijana wa huduma, ambao kila mmoja ameshika alama ya jamaa yake mkononi, na mtazamaji hajui kama anaonyeshwa mtu, tabia, au jambo litakalotukia. Mchezaji karata wa Unguja au Mombasa hana ugeni na watu hawa, kwani ndio mzungu wa pili, wa tatu na wa nne wa jamvi lake, isipokuwa taroti imewaongezea mwenzi mmoja. Hata jamaa zenyewe, vikombe, panga, fimbo na sarafu, ni ndugu wa kopa, shupaza, pau na uru tulizozipokea kwa Wareno. Na nyuma ya Wareno, Wahispania na Waitalia wapo Wamamluki wa Misri, ambao seti yao moja ya karata imehifadhiwa katika kasri la Topkapi, Istanbul, na humo watu wa kasri hawakuchorwa sura, bali wametajwa kwa vyeo vyao tu: mfalme, naibu wake, na naibu wa pili.

Kuzihusisha jamaa hizo na asili nne za ulimwengu, moto, upepo, maji na udongo, ni jambo la baadaye, nalo lilitiliwa nguvu na jumuiya ya siri ya Golden Dawn, iliyoasisiwa London mwaka 1888. Wao waliipa sarafu asili ya udongo, kisha wakazidi kwa kumpa kila mtu wa kasri asili ya pili kwa cheo chake: malkia wote ni maji, na vijana wote ni udongo, ama kuhusu wafalme na wapanda-farasi, wataalamu wamekhitalifiana hadi leo. Mtu wa pwani aliyewahi kuona ubao wa ramli hatastaajabia mpango huu, maana ramli nayo ina maumbo 16, na kila umbo lina safu nne za nukta, ya juu ikiwa ya moto na ya chini kabisa ya udongo. Sisemi haya kwa kuwa nina yakini kwamba nukta au karata hufunua ghaibu, ambayo ilimu yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Nasema kwa kuwa fani ya kukusanya tabia za wanadamu katika maumbo machache ni fani kongwe, inayostahili kutazamwa kwa makini.

Basi Malkia wa sarafu ni maji ndani ya udongo, na hapo ndipo kazi ya mchoraji inapoanza. Pamela Colman Smith, aliyezichora karata za Arthur Edward Waite zilizotolewa London mwaka 1909, alimketisha malkia huyu kwenye kiti chenye vichwa vya mbuzi, akamfunika kwa kichala cha mawaridi, akamwekea sungura pembeni, na kumwinamisha kichwa juu ya sarafu kama mama amtazamaye mwana. Ni taswira nzuri mno, na uzuri wake ndio uliowapoteza wengi, kwani tangu siku hiyo kila anayetaka kumchora malkia wa udongo huchora mawaridi na sungura, hata kama mlangoni kwake hakuna kimoja wala kingine. Udongo hauko popote kwa ujumla wake. Uko mahali, na mahali hapo pana rangi yake, unyevu wake na tarehe yake. Karata ya udongo isiyotoka katika udongo fulani naiona kuwa pambo tu.

Mimi wangu nimemtafuta Acocks Green, kusini-mashariki mwa Birmingham, mtaa uliokuwa sehemu ya parokia ya Yardley, Worcestershire, hata ulipotiwa ndani ya jiji mwaka 1911. Anayepita barabara ya Warwick ataona maduka, mabasi na nyumba za matofali, wala hatadhani kwamba chini yake pana mwamba wa tope jekundu uliojilaza zaidi ya miaka milioni 200, mwekundu kwa sababu ya chuma kilichomo. Lakini hazina hasa imo katika bustani ya Fox Hollies, kando ya kijito cha Westley, ambako pana matuta ya mawe yaliyoungua, kazi ya watu wa zama za bronzi, yapata miaka 3000 iliyopita. Watu hao waliyapasha mawe moto hata yakaiva, wakayatumbukiza majini, nayo yakapasuka. Yaliyopasuka yakatupwa pamoja na makaa, mwaka baada ya mwaka, hata yakawa tuta. Kwa nini walifanya hivyo, wanachuoni hawajaafikiana. Wengi wamesema walikuwa wakipika nyama katika birika la maji yachemkayo. Lawrence Barfield na Michael Hodder waliandika mwaka 1987 kwamba huenda walikuwa wakijifukiza kwa mvuke, kama watu wa hamamu. Mchoraji halazimiki kuwaamua, kwa kuwa kulisha na kuogesha zote mbili ni kazi za malkia huyu, na zote mbili zinahitaji maji yakutane na ardhi iliyopashwa moto.

Kwa hiyo nimemwondolea kiti cha enzi, nikamketisha juu ya tuta lenyewe, miguu yake ikiwa ndani ya kijito. Sarafu yake ni kigae cha udongo mwekundu kilichopigwa chapa ya nyota ya pembe tano, nacho kimelala magotini, si kwa kutazamwa bali kwa kuwekea mkono, maana atumiaye kitu kila siku hakikodolei macho. Mvuke unapanda ubavuni mwake na kuficha nusu ya pambizo. Nilitamani kumvika kanga, nikajizuia, kwa sababu kanga huja na jina lake, na jina hilo lingemsemea msomaji kabla hajatazama. Rangi nimezifanya tatu tu: wekundu wa udongo, weusi wa makaa, na kijivu cha mbingu ya Birmingham, ambayo haina haja ya kuongezwa chumvi. Buluu nimeiacha kwa makusudi, ili maji yajulikane kwa kile yanachokifanya kwenye jiwe.

Katika kumfasiri, wafasiri wengi humwita tajiri mkarimu, mwenye nyumba iliyotengenea; nami sikatai, ila naona wanataja tunda na kusahau kazi. Tuta la Fox Hollies halikujengwa na mtu aliyekusudia kujenga tuta. Ni masalio ya huduma iliyorudiwa mara nyingi kupita hesabu. Akitokea wima, basi, namsoma kuwa ni mtu, au sehemu ya nafsi ya mwulizaji, ambaye riziki ya wengine hupitia mikononi mwake, na ambaye thamani yake itaonekana katika kile kinacholundikana nyuma yake bila yeye kukihesabu. Akitokea miguu juu, sisomi umaskini wala uchoyo, kama vitabu vingi visemavyo. Nasoma jiwe lililotumbukizwa mara nyingi hata likapasuka, yaani mlezi aliyechoka, ambaye hakuna aliyemwuliza kama amekula. Karata ya vikombe ikiwa jirani yake, tazama ni nani aletaye maji. Ikiwa ni fimbo, tazama ni nani achocheaye kuni, na kama amewahi kumpa malkia nafasi ya kupoa.