Kiwi: Tunda, Jina na Lugha ya Mkulima

Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wa isimu maana ya neno "kiwi". Karibu darasa zima lilijibu kwa sauti moja kwamba ni rangi ya viatu. Mmoja, aliyeketi nyuma kabisa, alitaja tunda, na wenzake wakamcheka. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka maana ambayo imo katika kamusi zetu, yaani ile hali ya macho kushindwa kuona vyema kwa kupigwa na mwanga mkali. Mtu akitazama jua, hutiwa kiwi.

Maneno haya mawili hayana undugu wowote. Kiwi cha macho ni chetu. Kiwi cha dukani ni neno la Wamaori wa New Zealand, walilompa ndege wao asiyeweza kuruka. Rangi ya viatu ilipewa jina hilo mwaka 1906 na William Ramsay wa Australia, ambaye mkewe alizaliwa New Zealand. Tunda ndilo lililolipata jina hilo mwisho. Kwao Uchina huitwa mihoutao, yaani pichi la kima. Mbegu zake zilifikishwa New Zealand mwaka 1904 na mwalimu mkuu wa shule ya wasichana mjini Wanganui, Isabel Fraser, aliyekuwa amekwenda Uchina kumzuru dada yake mmishonari. Mkulima mmoja wa huko, Alexander Allison, alizipanda, na kufikia mwaka 1910 mitambaa yake ilikuwa imezaa. Walimu mnaosoma makala haya, tazameni jinsi biashara kuu ya taifa zima ilivyoanza katika mzigo wa mwalimu aliyekuwa likizoni! Mwaka 1959 wauzaji wa Auckland walitaka kuliita "melonette" katika soko la Marekani, wakaambiwa kuwa matikiti hutozwa ushuru mkubwa. Ndipo wakamwazima ndege jina lake.

Mimi nililijua tunda hili kwa njia ya uchungu kidogo. Mamangu anaishi Molo, kwenye baridi. Miaka kadhaa iliyopita alipita muuza miche akiwa na mche mmoja wenye kibandiko chenye picha ya matunda yaliyopasuliwa, kijani kibichi kama majani ya mpunga. Picha ile ilimtia mama kiwi, kwa maana yetu ya asili. Aliuza mbuzi wawili akanunua mche, nguzo za mwerezi na nyaya za kujengea kichanja. Maelezo ya kibandiko yalikuwa ya Kiingereza na Kilatini. Mama husoma Kikuyu na Kiswahili, tena husoma sana.

Mmea ulistawi ajabu. Kila nilipokwenda nyumbani niliukuta umepanda juu zaidi, majani mapana kama viganja vya watu wazima. Mwaka wa nne ukatoa maua machache meupe, yakapukutika bila kuacha kitu. Nilipotazama ua moja kwa makini niliona chavua tele ya manjano, lakini pale katikati, ambapo ua jike huwa na vijiti vyeupe vilivyotawanyika kama njiti za gurudumu, hapakuwa na chochote cha maana. Kisha nikakisoma kibandiko, ambacho mama alikuwa amekihifadhi ndani ya Biblia. Kilieleza waziwazi kwamba mmea huo ni wa kiume.

"Mama," nikamwambia, "huu ni dume."

"Kama mpapai?" akauliza.

"Kama mpapai."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwanangu, hilo si jambo la kuandikwa kwa Kizungu."

Nimefundisha isimu kwa miaka mingi na sijasikia hoja nzito kuliko hiyo. Hakuna mkulima nchini asiyemjua mpapai dume, ule unaoning'iniza maua kwenye vikonyo virefu na kumwacha mwenyewe bila papai. Wapwani na jamaa zao wa Omani wanajua pia habari za mtende dume, ambao chavua yake hupelekwa kwa mtende jike kwa mkono. Maarifa tunayo na maneno yake tunayo. Aliyechapisha kibandiko kile angehitaji maneno manne tu: dume huyu, tafuta jike. Wanafunzi wangu, nilipowasimulia kisa hiki, waliuita mmea huo "mkiwi", na mcheshi mmoja akaongeza kwamba mkiwi wa Molo ni mkiwa.

Ni kweli kwamba hata angepewa jike, mama asingefika mbali. Huko kunakolimwa mikiwi kwa biashara, dume mmoja huweza kuwatosheleza majike kama wanane, lakini maua hayana maji matamu, kwa hiyo nyuki huyaacha mara moja wakiona klova imechanua karibu. Hayward, aina ya kijani inayouzwa karibu kote duniani, huhitaji mamia ya saa za baridi ya kipupwe ili matumba yazinduke. Usiku wa Molo ni baridi, lakini mchana jua hurudi. Isitoshe, mmea huu hunywa maji mengi na hutaka kupogolewa kila mwaka, maana matunda hutokea kwenye machipukizi mapya ya matawi ya mwaka uliotangulia. Na kutegemea aina moja kuna hatari yake. Mwaka 2010 ugonjwa wa bakteria uliingia Te Puke, kitovu cha kilimo hicho New Zealand, na aina ya manjano iliyokuwa ikipendwa ikaangamia shamba baada ya shamba.

Tunda lenyewe silidharau. Lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na kimeng'enya chake hulainisha nyama ngumu, kazi ambayo papai bichi limeifanya katika majiko yetu tangu hapo.

Mama hakuukata mkiwi. Kivuli chake, asema, ni kizuri, na matawi anayoyapogoa huyafanya matandazo ya sukuma wiki. Upande wa pili wa kichanja amepanda karakara ya zambarau iliyopandikizwa juu ya shina la karakara ya manjano, ambalo hustahimili mnyauko. Ua la karakara hiyo lina dume na jike ndani yake, halimngoji mwenzi. Mwezi wa Agosti aliniletea ndoo nzima. Juu yake alikuwa ameweka kibandiko cha karatasi ya daftari, kwa hati yake mwenyewe: "Karakara. Hujitosheleza. Pogoa baada ya kuvuna."