Je, Wajua? Saa Moja Kati ya Kinshasa na Kisangani

Kutoka kiwanja cha N'djili, Kinshasa, hadi Bangoka, mashariki mwa mji wa Kisangani, ni takriban kilomita 1,220 angani. Ndege ya jeti huzimaliza kwa saa mbili hivi. Lakini jimbo la Tshopo, uliko mji wa Kisangani, liko mbele ya Kinshasa kwa saa moja: ukiruka saa nne asubuhi, unatua Kisangani ikiwa saa saba mchana. Kurudi ni raha zaidi, maana ukiondoka saa nane unafika saa tisa! Kwa Mto Kongo njia hiyo huzidi kilomita 1,700, na boti iliyosheheni mizigo na abiria huweza kuchukua wiki kadhaa. Tiketi huandikwa kwa saa za mahali, basi msafiri, rekebisha saa yako mapema.