Sikio la mtoto linauma, kumbe tatizo ni taya

MTOTO anapolalamika kwamba sikio linamuuma, aghalabu mzazi hukimbilia dawa ya matone. Sikio likichunguzwa na kupatikana halina kasoro, lawama huhamia kwa jino. Yamkini jino nalo halina hatia. Mbele ya kila sikio pana maungio yanayoshikanisha taya la chini na fuvu, na maumivu yake huweza kusikika sikioni, shavuni au kwenye panja.

Mtoto mdogo hawezi kuyaeleza hayo. Huanza kukataa mahindi ya kuchoma, hutafuna upande mmoja, au huwa wa mwisho kumaliza chakula. Kijana aliyebaleghe huweza kuulizwa, na watafiti wa Uswidi walionyesha kwamba maswali mawili yatosha kuanzia. Je, panja, uso au taya humuuma angaa mara moja kwa wiki? Je, huumia mara hizo hizo anapopanua kinywa au kutafuna? Jibu la ndiyo halithibitishi ugonjwa, ila lamstahilisha kupimwa.

Daktari hubonyeza misuli ya mashavu na panja, akimuuliza mtoto iwapo hayo ndiyo maumivu anayoyajua. Kisha humtaka afungue kinywa polepole, akapima kwa rula nafasi baina ya meno ya mbele na kutazama kama kidevu chaelekea upande. Taya linaloalika bila kuuma ni jambo la kawaida kwa vijana; mlio huo usiwatie wazazi kiwewe.

La kuhofiwa zaidi ni taya lisilouma. Kwa watoto wenye baridi yabisi, uvimbe huweza kuula mfupa kimyakimya hadi uso ukapinda au kidevu kikabaki nyuma. Eksirei huonyesha mfupa uliokwisha kuharibika, ilhali uvimbe wenyewe huonekana vyema kwa mashine ya MRI.

Kadhalika mtoto aliyeanguka akapasuka kidevu. Jeraha hushonwa, na ufa wa mfupa karibu na sikio ukasahaulika. Baadaye mfupa huo huweza kugandana na fuvu, kinywa kisifunguke wala taya lisikue. Huyu apimwe kinywa siku iyo hiyo, na tena katika miezi inayofuata.

Nyumbani, mtoto ajaribu kusimamisha vidole vyake vitatu, si vya mzazi, baina ya meno ya juu na ya chini. Vikikataa kuingia, hasa ikiwa awali viliingia, apelekwe kwa daktari wa meno.