Jipe: ziwa tulivu lenye wenyewe

Sifa ambazo wazazi huzitafuta kwenye ufukwe wa kupeleka watoto, Ziwa Jipe linazo karibu zote. Halina mawimbi ya kutisha. Kina chake ni kama mita 3 tu hata katikati. Hakuna muziki wa kupasua masikio, hakuna msongamano, hakuna anayekufuata na miwani ya jua ya kuuza. Niliwahi kusoma jinsi Wadenmaki wanavyousifia ufukwe wao wa Marielyst: mchanga laini, maji mafupi, mtoto anaingia hatua nyingi na bado hayajampita magoti, baba kajilaza na kitabu chake. Chini ya milima ya Upare Kaskazini sifa hizo zipo. Lakini Jumapili niliyofika, watoto wote walikuwa wamelipa ziwa mgongo, wanaoga maji ya pipa.

Hilo ndilo lililonikera, nikaghairi safari ya Usangi niliyokuwa nimeipanga.

Mapipa ni matatu, ya bluu, yamepangwa chini ya mgunga mbali kabisa na maji. Mwenyewe ni mzee mvuvi ambaye watoto wanamwita Babu, hata wale aliowaona kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Pipa moja lilijazwa Ijumaa, la pili Jumamosi, la tatu asubuhi hiyohiyo. Siku ile lililoruhusiwa ni la Ijumaa tu. Mtoto mmoja wa kutoka Same mjini, kichwa kimejaa povu, alichota kwenye lile la Jumamosi. Kata ikapokonywa kabla haijafika kichwani.

Nilidhani ni suala la tope. Tope lipo, na mzee anakubali kwamba maji ya Jipe yakitulia siku mbili yanapendeza. Ila sababu hasa aliipata kwa bwana afya, miaka mingi iliyopita: vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwa konokono wa majini vina muda mfupi wa kutafuta ngozi ya kupenya. Visipoipata ndani ya siku mbili vimekwisha. Basi yeye anavinyima ngozi. Hana darubini wala dawa. Ana mapipa, vifuniko, na kipande cha mkaa cha kuandikia siku. Sayansi inamuunga mkono, na ninakiri kwamba sijaona hoteli yenye bwawa la kuogelea inayojua umri wa maji yake kwa uhakika kama ule.

Kisha kuna wenye ziwa. Kina kile kile kinachomfaa mtoto ndicho kinachomfaa kiboko, kwa sababu kiboko, pamoja na kukaa majini siku nzima, si mwogeleaji. Anatembea chini, anasukuma tope kwa miguu, anapanda juu kuvuta pumzi. Mzee alinikalisha kwenye mtumbwi uliopinduliwa akanionyesha namna ya kuangalia. Usitafute mwili, tafuta masikio. Ukiyaona yamezama, anza kuhesabu taratibu. Mkubwa anaweza kukaa chini dakika tano, na atakapoibuka si lazima iwe pale alipozamia. Nilihesabu, nikachoka. Aliibuka kushoto kwetu, karibu na matete, mahali ambapo mimi ningeona panafaa kabisa kwa picha ya familia.

Mamba nao wamo, na mzee hapendi kuwazungumzia. Kiboko, anasema, ana adabu ya kukohoa.

Njia za viboko kutoka majini kwenda malishoni hazibadiliki ovyo. Zimechimbika kwenye majani kama mifereji, na kinyesi kimerushwa vichakani pande zote mbili. Mzee anazijua zote za upande wake na hakuna familia anayoiruhusu kutandika mkeka katikati ya njia na ziwa. Kosa kubwa kuliko yote, kwa maelezo yake, ni kusimama kati ya kiboko na maji. Hapo hata asiye na hasira anapita juu yako, maana ndiko anakokimbilia kujificha.

Saa yake ni milima. Ziwa liko mashariki ya milima ya Ugweno, kwa hiyo jua humalizika hapa mapema kuliko inavyoonyesha simu. Kivuli kinateremka mlimani, kinavuka mashamba, kinaingia kwenye mwalo, wakati ng'ambo ya Kenya, Tsavo Magharibi, bado ni mchana mweupe. Kikigusa mgunga wa mapipa, wageni wanafungasha. Mzee anashikilia kwamba upande wenye kivuli viboko huanza kusogea nchi kavu mapema. Sikupata wa kunithibitishia, ila yeye ameishi hapa na mimi nilikuja na gari la kukodi.

Ziwa lenyewe linasinyaa. Mto Lumi unaleta maji kutoka upande wa Kilimanjaro na unaleta udongo pia. Matete yanasogea, njia za mitumbwi zinakatwa kwa panga na zinaziba tena. Kinachobaki kinatoka kwa Mto Ruvu, kinaingia Nyumba ya Mungu, kisha Pangani hadi baharini. Perege wa Jipe, samaki aliyepewa jina la ziwa hili hata na wanasayansi, anapatikana kwa taabu. Ndiyo maana mvuvi anauza maji kwa ndoo. Je, ziwa likizidi kuwa fupi, viboko watabanana zaidi na ufukwe huu wa watoto? Mzee anasema tayari. Na siku mtoto akikanyagwa, serikali ina fedha inayoitwa kifuta machozi. Nani atalaumiwa, aliyeweka mapipa au aliyekosa kuweka hata kibao cha onyo?

Alasiri ilifika familia nyingine kutoka Same. Walikuwa wamepita Mwanga, wakaacha lami Kifaru, wakazunguka ncha ya milima, na tairi lilipasuka njiani. Mama alishusha sufuria ya wali, watoto wanne wakavua viatu. Mzee akawaangalia, akaangalia mlima, akawapa muda wa kuoga na kula, basi. Baba akafoka: ametoka mbali, ziwa ni la umma, yeye mzee amepewa mamlaka na nani? Mzee akamwambia hakupewa na mtu. Baba akarudia swali, safari hii akinitazama mimi kana kwamba ninatoka halmashauri. Sikuwa na jibu, na sina hakika kama ningependa awe na mamlaka hayo au asiwe nayo.

Waliondoka wali haujaisha, binti mkubwa akinung'unika hadi mlango wa gari ulipofungwa. Maji walitumia ndoo nne. Mzee hakudai.