Nani Hupumzika Ufukweni?

Jumapili alasiri nilitelemka na shangazi yangu hadi ufuo wa Shelly, hapa Likoni. Akakaza leso yake, akaingia majini hadi magotini, mawimbi yakampiga akacheka kama mtoto. Miaka mingi alitandika vitanda katika hoteli moja ya pwani ya kusini. Kiti cha ufukweni alikijua kwa kukifuta mchanga tu.

Nikamsimulia juu ya picha niliyoiona kitabuni. Aliyeichora ni Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954, baba Mkomoro na mama Mwingereza. Baba alifariki binti akiwa na miezi michache, mama akarudi naye Uingereza. Huko akawa mchoraji, na mwaka 2017 akashinda Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Picha yenyewe, Uhuru na Mabadiliko, ni ya mwaka 1984. Kwenye kitambaa kipana, wanawake wawili weusi wameshikana mikono, wanakimbia ufukweni. Mbele yao kuna mbwa. Nyuma, vichwa vya wanaume wawili weupe vimetokeza mchangani.

Mbio hizo zina asili yake. Picasso, Mhispania aliyehamia Ufaransa, alichora wanawake wawili weupe wakikimbia ufukweni mwaka 1922. Mwaka 1924 picha hiyo ilikuzwa ikawa pazia la dansi ya jukwaani iliyoitwa Le Train Bleu, jina la gari-moshi lililowapeleka matajiri kustarehe katika bahari ya kusini. Lubaina aliichukua starehe ile akawapa wanawake wa rangi yake.

Msomaji, tazama kadi za posta za pwani yetu. Mgeni amelala juani. Sisi tumebeba sinia, dafu au samaki. Bahari ni yetu, lakini raha yake tumechorewa wengine.

Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hao wanawake wawili, wamebeba nini?"

"Hawakubeba kitu, shangazi. Wanakimbia tu."

"Kumbe hata sisi twaweza kuchorwa mikono mitupu!"

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Enyi wachoraji wa Likoni, Kisauni na Changamwe, Jumapili njooni Shelly na rangi zenu. Shangazi yangu yuko majini, na leo hamtandikii mtu kitanda.