Futi Ngapi? Utangulizi wa Elimu ya Boti za Miili Miwili

Anayetaka kununua boti ya kuvulia bahari kuu huanza na swali moja: futi ngapi? Muuzaji naye humjibu kwa futi, maana bei imepangwa kwa futi. Kitabu hiki kinaanzia kwingine. Futi ni jibu, na jibu hilo huja mwishoni, baada ya mtu kuyajua maji atakayovulia, mzigo atakaoubeba na umbali wa kurudi nyumbani. Anayetaja urefu kabla ya kupima hayo amechagua bei, hajachagua chombo.

Nimekiandika nikiwafikiria wasomaji wa Meru na Embu, na nataka niseme mapema kwamba hakuna mgeni hapa. Maji ya Rupingazi yanayopita mjini Embu huingia Thiba, Thiba ikaingia Tana, na Kathita ya Meru nayo huishia mto huohuo, unaofika baharini Kipini. Kabla ya kufika huko, Tana hupita kwenye mabwawa ya Seven Forks. Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, Kamburu likafuata 1974, kisha Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Yalijengwa kwa ajili ya umeme, lakini leo watu wa Mbeere wanavua humo perege, kambare na kapi, na samaki wao huuzwa Kiritiri na Embu mjini. Upande wa Meru, mpango wa serikali wa mabwawa ya samaki ulioanza mwaka 2009 uliwafanya wakulima wa chai na ndizi wawe pia wafugaji wa samaki, na kiwanda kidogo cha kusindika samaki kikajengwa Kanyakine. Liko pia jambo la zamani zaidi. Wazee wa Kimeru wamesimulia kizazi baada ya kizazi kwamba mababu zao walitoka Mbwaa, kisiwa cha baharini, wakakimbia utumwa na kuvuka maji usiku. Watafiti kadhaa, Jeffrey Fadiman akiwa mmojawao, wamekihusisha kisiwa hicho na Manda, huko Lamu. Kijana wa Nkubu anayeuliza habari za bahari hafuati mambo ya watu wengine.

Basi tuanzie Kamburu, alfajiri, watu wawili wakitegua nyavu. Boti yao ni ya mbao, fupi, nyembamba, kitako chake karibu bapa. Mmoja ameshika kasia. Mwingine amepiga magoti ubavuni anavuta wavu, na kila anapoinama, ubavu huo hushuka hadi maji yanabaki sentimita chache chini ya ukingo. Mwenye kasia huegemea upande wa pili bila kuambiwa. Kazi yote ile, ukiitazama vizuri, ni kazi ya kusawazisha uzito, na samaki wanapatikana katikati yake. Sasa mlete kiboko, naye yumo katika mabwawa yale. Si lazima aume. Akiinua mgongo tu chini ya boti, hesabu yote ya mizani huvurugika mara moja. Ndiyo maana nasema somo la kwanza la fani hii ni uimara, yaani nguvu ya chombo ya kujirudisha wima kinapoinamishwa. Kasi hufuata baadaye.

Uimara huletwa na upana kuliko kitu kingine chochote. Chombo kinapoinama, ubavu unaozama husukumwa juu na maji kwa nguvu zaidi, na ubavu unaonyanyuka hupoteza msukumo wake. Kadiri pande hizo mbili zinavyokaa mbali, ndivyo msukumo ule unavyopata nafasi ya kukirudisha chombo. Ni kama abiria anayesimama ndani ya matatu: akitanua miguu, kona haimwangushi. Wavuvi wa pwani yetu walilijua hili kitambo. Ngalawa ni mtumbwi mwembamba usioweza kusimama peke yake chini ya tanga, lakini ukiwekewa matengo mawili, yaani mbao za kuelea, moja kila upande, hubeba tanga kubwa na kukimbia katika upepo wa kusi. Ufundi huo ni wa watu wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, ndugu za wale waliovuka na kuikalia Madagaska.

Katamarani hufuata njia hiyohiyo kwa namna nyingine. Badala ya mwili mmoja wenye matengo, ina miili miwili iliyolingana, imeunganishwa kwa sitaha juu. Mwaka 1876 Mmarekani Nathanael Herreshoff alileta katamarani yake ya tanga, Amaryllis, katika mashindano ya New York na kuzipita mashua za kawaida. Iliyo muhimu kwetu ni ile ya injini, ambayo leo wavuvi wa ndoana katika nchi nyingi huitumia kufuata jodari, nduaro na fulusi.

Faida yake inapimika. Sehemu kubwa ya uimara wa katamarani hukua kwa mraba wa umbali kati ya miili yake. Ukiitenganisha kutoka mita 1.5 hadi mita 2, katikati hadi katikati, uimara huo huongezeka kwa karibu asilimia 78, na urefu haujaongezeka hata sentimita moja. Hili peke yake linatosha kuonyesha kwamba futi za urefu hazitoshi kueleza ukubwa wa boti. Boti mbili za futi 28 zinaweza kuwa vyombo viwili tofauti kabisa.

Kuhusu kasi nitasema machache, kwa kuwa sura ya nne imejaa habari hiyo. Mwingereza William Froude, aliyejenga birika la majaribio Torquay mwanzoni mwa miaka ya 1870, alionyesha namna chombo kinavyotengeneza mawimbi yake chenyewe na kufungwa nayo. Kwa mwili wa kawaida wenye futi 25 kwenye mstari wa maji, kifungo hicho huja kwenye noti 6.7 hivi, yaani maili 6.7 za bahari kwa saa. Kupita hapo kunataka nguvu nyingi ya kuunyanyua mwili wa boti uteleze juu ya maji. Miili myembamba ya katamarani hutengeneza mawimbi madogo, kwa hiyo hupita hapo kwa mafuta machache zaidi.

Turudi kwenye maji. Mawimbi yana kanuni moja nzuri sana, na ningependa kila msomaji aishike kichwani: katika maji yenye kina, chukua sekunde zinazopita kati ya wimbi moja na jingine, zizidishe zenyewe kwa zenyewe, kisha zidisha kwa 1.56. Jibu ni urefu wa wimbi kwa mita, kutoka kilele hadi kilele. Katika bwawa, upepo unaovuma juu ya kilomita chache za maji huleta wimbi la sekunde mbili hivi, nalo lina urefu wa mita 6.2. Huo ni urefu wa boti ya futi 20. Wimbi lililolingana na boti hutikisa vibaya, maana pua inapanda wakati tezi inashuka, tena na tena bila nafuu. Baharini, wimbi la sekunde nne lina mita 25, na la sekunde nane lina mita 100. Boti ya mita 8 au 9 huyapanda mawimbi hayo na kuyashuka kama vilima.

Huyapanda hivyo ikiwa imetulia. Ikikimbia noti 20 kuyaelekea yale ya mita 25, ambayo nayo yanakuja kwa noti 12, itayapiga moja kila sekunde moja na nusu. Hapo ndipo sitaha ya katamarani inapojaribiwa. Kati ya miili miwili kuna uwazi, na dari ya uwazi huo ikiwa chini mno, kila wimbi huigonga kwa kishindo kinacholegeza viungo vya boti na migongo ya watu. Ukienda kukagua boti, usiishie kwenye injini na rangi. Inama mbele, tazama kati ya miili, pima kutoka maji hadi dari, kisha uliza: vipimo hivi ni vya boti tupu au yenye mzigo?

Swali hilo la mzigo ndilo ninaloona linapuuzwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo. Tuseme kikundi kimenunua katamarani ya futi 28 Kilifi, na kinakwenda maili 30 za bahari nje kurambaza, yaani kuburuta ndoana nyuma ya boti. Tuseme inakula lita 2.5 kwa kila maili ikikimbia. Kwenda na kurudi ni lita 150. Saa tano za kurambaza kwa lita 12 kila saa ni lita 60. Jumla ni 210, na kwa kuwa theluthi moja ya tangi haiguswi ila kwa dharura, boti iondoke na lita 315. Petroli hiyo ina uzito wa kilo 233 hivi. Ongeza barafu kilo 300, watu wanne kilo 300, zana na maji ya kunywa kilo 120. Boti inaondoka na kilo 953.

Sasa irudishe nyumbani na samaki kilo 300. Petroli imebaki lita 105, kilo 78 hivi. Barafu, hata ikiyeyuka, bado imo ndani ya sanduku la samaki. Jumla ni kilo 1,098. Boti inarudi nzito kuliko ilivyoondoka, tena mchana, saa ambazo upepo wa pwani umekwisha kupata nguvu na watu wamechoka.

Uzito huo unaizamisha kiasi gani? Miili myembamba ina eneo dogo pale inapokata uso wa maji. Ikiwa eneo hilo ni mita 8 za mraba, kila kilo 82 zinaishusha boti sentimita moja katika maji ya chumvi, na kilo 1,098 zinaishusha zaidi ya sentimita 13. Boti ya mwili mmoja yenye urefu ule ule na eneo la mita 12 ingeshuka sentimita 9 tu. Kwa hiyo dari iliyokuwa sentimita 45 juu ya maji boti ikiwa tupu bandarini sasa ni 32, na mawimbi ambayo yasingeigusa boti tupu yataigonga njia nzima. Katamarani haisamehe mzigo. Anayekusudia kubeba tani ya samaki asitafute katamarani ya futi 28 yenye injini kubwa zaidi. Atafute miili mikubwa zaidi, au achukue boti ya mwili mmoja, ambayo kwa kazi hiyo ni chombo cha heshima kabisa.

Zipo kasoro nyingine, na elimu isiyozitaja haifai. Mwendo wa katamarani kwenye mawimbi ya ubavuni ni wa ghafla. Haiendi mrama polepole kama jahazi, hujirudisha kwa mshtuko, na wengine huona kichefuchefu zaidi. Ikipinduka kabisa hubaki imepinduka. Ina injini mbili za kutunza. Injini hizo, hata hivyo, ni sababu kubwa ya kuichagua: zimekaa mbali mbali, kila mwili na yake, na moja ikizima, nyingine inakurudisha.

Mtu ataniuliza, basi mwalimu, tuchukue ipi? Kwa uvuvi wa siku moja karibu na mwamba, msimu wa kaskazi, watu watatu na sanduku dogo la barafu, futi 22 hadi 26 zinatosha, na kuzidisha ni kupoteza fedha. Kwa kikundi cha wawekezaji wa bara wanaoshirikiana na wavuvi wa Malindi au Watamu, wakitaka kufika eneo la uvuvi la North Kenya Bank na kurudi na samaki wa kuuza, naona futi 30 hadi 34 ndiko kwenye busara, mradi miili iwe mipana ya kutosha na dari iwe juu. Kuanzia futi 40 unaingia biashara nyingine, ya mishahara ya mabaharia, gati na mkataba wa soko, na boti yenyewe inakuwa sehemu ndogo ya gharama. Na kwa Masinga au Kamburu? Hapo sishauri katamarani ya bahari hata kidogo. Boti ya faiba, pana, yenye kingo za juu, na jaketi ya kuokolea maisha kwa kila aliyemo, itawatumikia wavuvi wa Mbeere vizuri zaidi kwa sehemu ndogo ya bei.

Fani hii inahitaji watu wa namna nyingi. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, yenye makao yake Mombasa, inachunguza samaki na maji. Bandari Maritime Academy inafundisha mabaharia. Mamlaka ya Bahari ya Kenya inakagua vyombo vidogo. Lakini mafundi wanaojua kuipima boti kabla haijanunuliwa bado ni wachache, na hakuna sababu wasitoke katika vyuo vikuu vya Embu na Meru, ambako hesabu na fizikia zinazotumika humu zinafundishwa kila siku. Nahodha wa Lamu anajua kwa mwili wake mambo ambayo kitabu hiki kinayaeleza kwa namba. Mwanafunzi mwenye adabu atamwamkia, atamsikiliza kwanza, ndipo alete karatasi yake.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, nakuomba ufanye kazi moja. Nenda kwenye bwawa lililo karibu nawe siku yenye upepo, simama ufukweni mbali na viboko na mamba, uhesabu sekunde kati ya wimbi na wimbi. Piga kanuni ile ya 1.56, kisha pima boti zilizoegeshwa hapo na uandike urefu wake kando ya urefu wa wimbi. Uje na karatasi hiyo. Tutaihitaji katika ukurasa wa kwanza.