Bunduki ya Zamani Hainunuliwi kwa Macho



Mimi ni mutu wa mbegu na udongo, si fundi wa bunduki. Lakini mwenzetu mumoja tuliyesoma naye, sasa anaishi Liège kule Ubelgiji, alinitumia picha ya Mauser ya kuwindia, ya Ujerumani, ya zamani sana. Kitako cha muti kinang'aa, chuma safi, bei ya chini. Alishapata kibali cha kuwinda na alitaka kufuata nguruwe pori wa Ardennes. Akaniuliza: "Kaka, ninunue?"

Nikamujibu vile tunajibu mulimaji anayetuonyesha mahindi ya kupanda: mbegu haijulikani kwa rangi, tunaiotesha kwanza, tunahesabu. Akapeleka ile bunduki kwa fundi, muuzaji akiwa pamoja naye. Yale fundi aliyomuonyesha, njo ninawaletea hapa.

Mauser ya aina ya 1898 ni bunduki ya komeo. Unainua mukono wa komeo, unavuta nyuma, ganda linaruka. Unasukuma mbele, risasi mupya inaingia. Unashusha mukono, inafungwa. Komeo linashikwa na meno mawili mbele, na jino la tatu nyuma ni la akiba. Nguvu yote ya baruti inapiga hapo, na uso wa muwindaji uko karibu kabisa. Kwa hiyo ukinunua bunduki ya zamani, unanunua komeo na mtutu. Muti ni nguo tu.

Fundi alianza kwa kufungua komeo na kutazama chumba cha risasi, tena akaingiza kidole. Muuzaji kusema "haina kitu" si garanti.

Kisha akatoa komeo, akapangusa mafuta ndani ya mtutu, akamulika taa. Mifereji inayozungusha risasi inapaswa kuwa na kingo kali. Masasi mengi ya zamani yaliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi inavuta maji ya hewa. Kama mutu hakusafisha vizuri, kutu ilikula vishimo vidogo. Mafuta mengi yanaweza kuvificha, njo sababu alipangusa kwanza. Akatazama pia mudomo wa mtutu: ukigongwa pale, bunduki haipigi tena sawa.

Akalinganisha namba. Kama namba ya komeo si ile ya mwili wa bunduki, pengine komeo lilitoka kwa bunduki ingine. Hata namba zikifanana, kuna vipimo vya chuma: kimoja komeo linapaswa kukifunga, kingine lisikifunge. Likikifunga hicho cha pili, nafasi imekuwa kubwa, ganda linaweza kupasuka.

Halafu, bunduki ikiwa tupu, akaweka kizuizi, akavuta kifyatulio, akaachia, kisha akaondoa kizuizi. Isilie. Ikilia, ni bunduki ya kuua mutu njiani. Mwisho akatafuta nyufa kwenye shingo ya kitako.

Hapo yote ilikuwa muzuri, na mwenzetu alishaanza kutoa franga.

Kumbe shida ilikuwa ndani ya kikartoni cha masasi ambacho muuzaji alitoa kama zawadi. Kiliandikwa 8x57 IS. Fundi akapima mtutu: ulikuwa wa aina ya kwanza, 8x57 I, wa risasi ya karibu milimita 8,1. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walihamia risasi ya karibu milimita 8,2. Tofauti ni unene wa unywele, na ganda la mupya linaweza kuingia mu chumba cha zamani bila kukataa. Lakini risasi nene mu mtutu mwembamba inapandisha presha, na chuma cha zamani kinaweza kupasuka. Masasi ya I yapo, ila si rahisi kuyapata. Mwenzetu akarudisha franga mufukoni.

Musiseme "lakini ilitoka kiwanda kikubwa." Kule Marekani, Springfield za 1903 zenye namba ya chini ya 800,000 zilitoka kiwanda cha serikali. Wafanyakazi walipima joto la chuma kwa macho, vyuma vingine vikatoka vigumu lakini vya kuvunjika, na bunduki kadhaa zilipasuka. Namna hiyo iliachwa mu 1918. Kwa macho kulikuwa tofauti gani? Hakuna.

Juu ya hiyo Liège iko na nyumba ya kujaribu silaha tangu 1672: wanapiga masasi yenye nguvu kupita kawaida, ikivumilia wanagonga alama. Njo "kuotesha" kwa bunduki. Lakini alama inasema juu ya siku ile tu. Kama mtutu ulibadilishwa nyuma, jaribio linapaswa kufanywa upya.

Tena karatasi. Ubelgiji kuna sheria ya silaha ya tarehe 8 Juni 2006. Kwetu Kongo kuna ile ya silaha ya 1985 na ile ya kuwinda ya 1982. Hata bunduki ya babu iliyobaki juu ya dari inaomba kibali. Bila karatasi si urithi, ni kesi.

Mwenzetu bado anatafuta. Safari hii, fundi anatangulia, franga zinafuata.